Baiskeli ya Mwosha Maiti

Mwanangu Jamali alinipa baiskeli ya umeme ili nipumzike. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu watu wa Mtoni wanapenda kueneza kwamba niliitaka mwenyewe, kwamba nilipofika miaka sitini na mbili nilipandwa na wazimu wa ujana. Ng'ombe hazeeki maini, walikuwa wakinitupia nikipita. Mimi sikutaka baiskeli. Nilitaka magoti.

Kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Niliirithi kwa mama yangu, naye aliirithi kwa mama yake, na kati yetu watatu hakuna aliyeifanya kwa kuipenda. Mwanamke akifa, hodi inapigwa kwangu. Natia kanga mbili, ubani na karafuu maiti kwenye mkoba, naenda. Miaka thelathini nimekwenda kwa miguu, mpaka goti moja likaanza kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta na la pili likavimba kwa kumhurumia mwenzake.

Jamali alikuwa akifanya kazi bandarini kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo. Ilikuwa miaka ile milango ya nchi imefunguliwa, na kila kilichowachosha Wajapani kinashushwa Dar es Salaam: magari, mafriji, redio, hata magodoro. Katika kontena moja la baiskeli za mtumba akaiona hii ya kike, ya kijivu, ina kikapu mbele na betri nene chini ya kiti. Wenzake waliiona nzito wakadhani ni mbovu. Yeye akakumbuka magoti yangu, akaileta.

Shomari, fundi redio wa mtaani kwetu, ndiye aliyeiokoa isife siku ya kwanza. Jamali alikuwa ameshika waya tayari kuichomeka ukutani, Shomari akampiga mkono. "Umeme wa kwao mdogo, wetu mkubwa," alisema. "Ukichomeka hivi hivi huchaji, unakaanga." Akatuundia kiboksi cha kupunguza umeme, kizito kama jiwe la kusagia, kinanguruma usiku kucha chini ya kitanda changu. Usiku kucha ni pale umeme ukiwapo. Huo ulikuwa mwaka 1997, mwaka wa mgao, na mara nyingi kiboksi kilinguruma saa mbili tu, kikanyamaza, tukabaki mimi na joto.

Kuendesha nilijua. Baba yangu alikuwa tarishi wa bomani, na akisinzia mchana nilikuwa nikimwibia baiskeli yake. Hii ya Jamali si pikipiki, lazima ukanyage. Lakini ukikanyaga kidogo, yenyewe inaongeza, kana kwamba kuna mtu ametia mkono kiunoni mwako anakusukuma mlimani. Siku ya kwanza nilipopanda kilima cha Mtongani bila kushuka, nililia. Sioni aibu kusema. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili unaweza kwenda mahali bila kuniomba ruhusa ya maumivu.

Basi hapo ndipo raha ilipoanzia na hapo ndipo ilipoishia. Maana watu waliona. Zamani nikiitwa Mtoni na Mtongani tu, kwa sababu kila mtu alijua siwezi kufika mbali. Sasa ikawa, "Bi Hija ana usafiri." Nikaitwa Tandika, nikaitwa Mbagala, nikaitwa Keko, mpaka Yombo ndani ndani huko ambako hata ramani imechoka. Waosha wengine walikuwepo, lakini wote wakajua hakuna haja ya kujisumbua, bibi wa umeme atakuja. Wiki moja niliosha maiti saba. Kitu nilichopewa ili nipumzike kikawa ndicho kinachonimaliza, nami nikawa siwezi kukikataa, kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikipenda. Nilipenda watoto wanavyonikimbilia. Nilipenda wanaume waliokaa kwenye baraza la kahawa wanavyokatisha maneno yao ninapopita.

Hamisa peke yake ndiye aliyenisema. Hamisa alikuwa mwali mwenzangu: tulichezwa pamoja, tukawekwa ndani nyumba moja, tukafundwa na somo mmoja. Watu waliofundwa pamoja hawafichani kitu. Aliolewa na askari magereza, akahamia Ukonga, nyuma ya gereza, na huko akabaki hata mumewe alipofariki, akikaa na mwanawe Mudathir na mke wa Mudathir, Farida. Siku niliyompelekea baiskeli aione aliizunguka mara mbili.

"Nzuri," alisema. "Lakini wewe Hija, ukipewa kitanda utataka kukikimbiza."

Siku hiyo hiyo aliniingiza chumbani, akafunga mlango na komeo, akafungua gauni. Titi la kushoto halikuwa titi tena. Lilikuwa kidonda, na kilikuwa cha zamani. Alikuwa amekifunika kwa vitambaa na kukificha, kwanza kwa woga wa hospitali, halafu kwa aibu ya kukificha muda wote huo. Nilimpigia kelele, nikamtukana, nikamsihi. Alinisubiri nimalize.

"Imeshapita hiyo," alisema. "Nataka kitu kimoja. Nikifa, mie unaniosha wewe. Wewe peke yako, ufunge mlango. Wakwe zangu wasinione hivi. Wala watu wa hapa wasijepata cha kupigia soga kwenye visima."

Kumwosha mtu na kufunga mdomo juu ya ulichokiona ndiyo kazi yenyewe. Kumwaga maji hata mtoto anaweza. Nikamwahidi. Nikamshika mkono nikamwahidi mara tatu.

Alifariki siku ya Alhamisi, alfajiri, katika mvua zile za Elinino ambazo zilikuja kumaliza ukame kwa kuleta gharika. Mimi nilikuwa sijui. Asubuhi nilikuwa nimeitwa Yombo Vituka kwa mzee mwenzetu mmoja, Bi Zubeda, Mzaramo kama mimi. Betri ilikuwa nusu, umeme ulikuwa umekatika saa sita usiku. Nikahesabu kwamba nusu inatosha kwenda Yombo na kurudi, nikaenda.

Niko ndani na maiti, mikono imejaa povu, saa nne hivi, nasikia sauti ya Mudathir nje ya pazia.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marhaba. Nani kakwambia niko huku?"

"Nimetoka kwako. Mama hatunaye."

Nilikaa chini, pale pale kando ya ufuo, kishimo tulichochimba cha kupokea maji. Sikulia. Mtu akiwa na maiti mwingine mikononi hana nafasi ya kulia.

Mudathir alikuwa na pikapu ya rafiki yake, anakwenda Buguruni kutafuta sanda na mbao. "Tunazika leo leo, saa kumi, baada ya Alasiri," alisema. "Nikitoka Buguruni nikupitie?"

Hapa ndipo pa kwanza pa kunilaumu. Kijana aliniuliza kwa heshima, na pikapu ilikuwa na nafasi. Lakini nje ya pazia walikuwa wamekaa wanawake zaidi ya ishirini wa Yombo, wote wamenyamaza wanasikiliza, nami nikasema kwa sauti ambayo Mudathir peke yake hakuihitaji:

"Usijisumbue baba, mie nina usafiri wangu. Tangulia. Waambie asimguse mtu."

Nilimmaliza Bi Zubeda saa tano na nusu. Nilimkafini vizuri, sikumpunja kwa haraka zangu, hilo najivunia. Nikatoka nje kupanda baiskeli. Baiskeli haipo.

Ufunguo nilikuwa nimeuacha palepale kwenye baiskeli, kwa sababu nguo yangu ya kuoshea haina mfuko, na msibani haibiwi kitu. Ndivyo nilivyojiambia. Mwizi nilimfikiria, nikaona hatakuja. Mtani nikamsahau.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na msiba wa Mzaramo bila Mnyamwezi wa kuuharibu haujakamilika. Mtani ana ruhusa. Anaweza kulala kaburini akakataa kutoka, anaweza kuficha jembe, anaweza kumwiga marehemu mbele ya wanawe, na wewe mfiwa ukikasirika umekosa wewe. Pale Yombo alikuwepo Mzee Apolinari, mlinzi mstaafu kutoka Tabora, na wenzake wanne. Nilipozunguka nyumba niliwakuta uwanjani. Apolinari amejitanda kanga yangu ya akiba, amekunja uso kama ninavyokunja mimi, amekaa wima juu ya baiskeli yangu, anakatiza kwenye mchanga mzito uliolowa. Nyuma yake, kwenye keria, amekaa mwenzake mnene anaomboleza, "Ole wangu Zubeda, nipelekeni na mie kwa umeme!" Wafiwa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Binti wa marehemu mwenyewe alikuwa ameinama anajishika mbavu.

"Mzee Apolinari," nikasema, "nina msiba mwingine Ukonga. Nipe."

"Ukonga? Unakwenda kumtembelea mumeo gerezani?"

Watu wakacheka zaidi. Nilijua nini kinatakiwa. Nilitakiwa nimtukane vizuri, nimwambie Wanyamwezi wamezoea kubebeshwa hawajui kubebwa, kisha nimlipe chochote nikomboe kitu changu kwa kelele. Nikajaribu. "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," nikasema, "sikujua siku hizi wanapanda juu ya mzigo." Walifurahi mno. Wakazunguka tena mara mbili kwa heshima yangu.

Nilipotoa sarafu, Apolinari alishuka, akanipigia magoti, akaniamkia kwa heshima zote. Nikageuza ufunguo. Kitaa kilichokuwa kijani kikawaka chekundu, kikapepesa, kikazima.

"Imechoka," Apolinari alisema, naye sasa alikuwa hachezi tena. "Dada, tumeiua?"

Sikuweza hata kumkasirikia. Ndiyo adhabu ya utani, hakuna wa kumpa hasira zako. Nikazimeza zote, nikaondoka.

Baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni mzigo wa kuni wenye magurudumu. Njia za Yombo zilikuwa zimechukuliwa na maji, gari haliingii, na mchanga uliobaki unameza tairi. Nilikanyaga kidogo, magoti yakasema hapana. Nikashuka nikasukuma. Kwenye reli mwanamume mmoja aliyebeba mihogo alinisaidia kuinyanyua kuvusha vyuma, akauliza ndani yake kuna nini, nikamwambia jeneza. Alicheka, nami nikakumbuka kwamba sijala tangu asubuhi.

Nilifika Kipawa, kwenye Barabara ya Pugu, saa saba na nusu. Magari ya Ukonga yalikuwa yakipita moja baada ya jingine. Kando ya barabara alikuwa mama ntilie mmoja anaosha masufuria yake, mtu wa kusini kwa lafudhi yake, msalaba shingoni. Wateja walikuwa wakimwita Eufrazia. Aliniona ninavyotetemeka, akanipa kigoda na kikombe cha maji.

"Shikamoo bibi. Unakwenda wapi na chuma hiki?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, isipokuwa kidonda. Akasimama akanitazama.

"Sasa bibi, si uiache hapa? Mie nipo hapa mpaka jioni. Naifunga na mnyororo wa meza zangu. Panda gari, dakika kumi umefika kwa shoga yako."

Mtu aliyesikia kisa hiki mpaka hapa huwa ananisubiri niseme kwamba sikumwamini. Nilimwamini. Alikuwa na uso wa mtu mkweli, na mnyororo niliuona. Nilichokifikiria pale kwenye kigoda ni kufika Ukonga nikiwa nimeshuka kwenye gari kama bibi yeyote, nikichechemea, mkoba kwapani. Nilifikiria watu wa Ukonga wataniuliza, iko wapi? Nilifikiria pia Jamali alivyoibeba begani siku ya kwanza. Hayo nilikuwa nikiyafikiria wakati Hamisa amelala anangojea.

"Si mbali," nikamwambia Eufrazia. "Nitafika tu."

"Bibi, ni mbali."

"Nitafika."

Sikumbuki vizuri njia. Nakumbuka lami, na joto lililokuja baada ya mvua, na ndege iliyopita chini sana karibu na uwanja wa ndege. Kila nguzo ya umeme nilisema, nikifika ile napumzika, na nilipoifikia sikuthubutu kukaa kwa kuogopa kwamba sitainuka. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao si wa siku ile tu. Ulikuwa uchovu wa wale saba wa wiki ile, na wa Bi Zubeda, na wa miaka yote ya hodi, na ulikuja kunidai wote barabarani. Mara moja nilisimama, nikaegemeza paji la uso kwenye kiti cha baiskeli, nikalala nimesimama. Honi ndiyo iliyoniamsha.

Nilifika nyuma ya gereza saa tisa na nusu. Wanaume walikuwa wamejaa nje chini ya turubai. Mudathir alinijia mbio, akaipokea baiskeli, akanitazama miguu yangu iliyojaa matope. "Watani wa Yombo wameniulia betri," nikamwambia.

"Mama mkubwa, tumekungoja."

Kwa sauti yake nilijua. Nikampita, nikaingia uani. Ufuo ulikuwa umeshafukiwa. Ndoo zilikuwa zimeinamishwa zikauke. Farida, mke wa Mudathir, alitoka kwenye mlango wa chumba, mikono yake mitupu, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Nani kamwosha?" nikauliza.

"Mie."

"Na nani?"

"Mie peke yangu. Nilifunga mlango."

Nikamwakia. Nilikuwa na hasira ya tangu Yombo na sasa ilipata mtu. Nilimwambia alikuwa na haraka gani, nilimwambia nilitoa agizo asimguse mtu, nilimwambia kuna mambo ambayo mkwe hatakiwi kuyaona na kwamba amemvunjia mama yake heshima aliyoililia. Wanawake wote uani waligeuka. Farida alinishika mkono akaniingiza chumbani, akarudishia mlango. Hamisa alikuwa kitandani, amekwisha kafiniwa, mweupe na mdogo kuliko nilivyomjua.

"Mama mkubwa," Farida alisema polepole, "yale mie nilikuwa nayajua. Miaka miwili. Nani unadhani alikuwa anafua vile vitambaa?"

Nikauachia mkono wake.

"Alikuwaga ananipa usiku, vimekunjwa ndani ya gazeti. Ananiambia ni vya kidonda cha mguu. Namwitikia. Nafua mwenyewe kabla nyumba haijaamka, naanika ndani, nampelekea vimekauka. Ningemwambia najua, angeacha kunipa. Sasa nani angemfulia?" Akanyoosha pindo la sanda. "Leo nimengoja mpaka saa nane na nusu. Mashehe wanauliza. Shangazi zake Mudathir wakataka kuingia kuosha wao. Nikaona bora mie kuliko wao. Sijui kama nimefuata yote. Unaweza kuniuliza."

Sikumuuliza. Ningemuuliza nini? Nilikuwa nimebeba siri ya Hamisa kama kitu changu peke yangu, nikifikiri bila mimi ataaibika, na kumbe alikuwa na mtu ndani ya nyumba yake, chumba cha pili, aliyeibeba kila usiku bila kuahidi wala kushikwa mkono. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, nadhani, mahali fulani. Lakini kilichonijia kwanza ni kwamba sikuhitajika, na nilichukia kwamba hilo ndilo lililonijia kwanza.

"Nifungulie uso wake," nikasema.

Farida alifungua fundo la juu, akafunua. Alimwosha vizuri. Pamba zilikuwa mahali pake, karafuu maiti ilinukia, hata nywele alikuwa amezisuka mikia mitatu kama inavyotakiwa. Nje wanaume walianza kuulizana kuhusu jeneza, na sauti ya Mudathir ikasema, mwacheni mama mkubwa amuage, amecheleweshwa na watani huko Yombo.

Ingekuwa rahisi kuliacha hivyo. Watani hawalaumiwi, na aliyecheleweshwa na watani halaumiwi pia. Mpaka leo Ukonga nzima inajua hivyo. Nikainama, ingawa kuinama nilijua kutanigharimu, nikaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Hamisa," nikamwambia, "watani walinipotezea nusu saa tu. Kipawa nilipata gari. Sikupanda. Nilikuwa sitaki kuiacha baiskeli."

Farida alisikia. Alisubiri niinuke, akaona siwezi, akanishika kwapani akaniinua, kisha akafunga fundo akafungua mlango, wanaume wakaingia kumchukua.